Kipupwe, Bwawani Mabayani

Juni imeingia bila kubisha hodi.
Ukungu umelilalia bwawa
kama mgonjwa asiyetaka kufunuliwa shuka,
na maji, yaliyokuwa chai ya maziwa tangu masika,
yameanza kutuama, yanajichuja yenyewe,
hata kile kisiki cha mkwaju uliozama nakiona nusu.

Nilimwambia shemeji Shemzigwa: usije alfajiri.
Alfajiri ni ya Machi, maji yakiwa vuguvugu
na perege wakirukia hata kivuli cha mkono.
Sasa Zigi inashusha baridi ya Amani usiku kucha,
samaki amekaa chini, kafunga mdomo,
damu yake nzito kama uji uliolala.
Ngoja saa nne. Ngoja jua likukae mgongoni,
kisha nenda kwenye matete, ukingo unaotazama mashariki,
pale mawe yanapopata joto kabla ya mtu yeyote.

Punguza ndoana, nilimwambia.
Ile ya kidole kizima iache nyumbani.
Chukua ya ukubwa wa punje ya mpunga,
mshipi mwembamba, ukiutazama juani uupoteze,
chubwi moja tu, nyepesi kama kunde,
ishuke kama mtu anayeteremka ngazi gizani.
Chambo ni nyungunyungu wa chini ya mgomba,
nusu, si mzima.
Samaki wa kipupwe hafukuzi mlo;
huwekewa mdomoni, akabembelezwa.
Na akigusa, usivute. Hesabu hadi nne.
Boya halizami siku hizi,
linaegemea tu, kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali.

Yote haya yamo kwenye daftari langu la mistari,
Jumamosi za miaka kumi na mmoja,
tangu nilipoanza kazi ya pampu huku, zamu ya usiku,
nikatoka asubuhi ya kwanza
nikakataa kwenda kulala.
Mlinzi ananijua. Nyavu hataki, mtumbwi hataki,
mshipi mmoja wa mkononi hauoni.

Shemzigwa akaja saa kumi na moja na nusu.
Pikipiki yake iliwaamsha minandi wote.
Fimbo mpya kutoka Chumbageni, bado ina karatasi ya bei,
ndoana ya kutundikia mbuzi,
na chambo, Mungu anisamehe,
mkate wa ajemi uliochovywa mchuzi wa pweza.
Akatupa katikati, kwenye kina,
akajifunika kofia usoni, akaanza kukoroma.

Saa kumi na mbili na robo, perege.
Mwingine kabla sijamaliza kucheka yule wa kwanza.
Kisha kambare mwenye ndevu za hakimu,
aliyeikunja fimbo hadi ncha ikanywa maji,
na Shemzigwa, sweta limelowa hadi viwiko,
akiniita kwa jina langu la utotoni: Mnyazi! Mnyazi, njoo ushike!
Nikaenda nikashika.

Saa nne ikafika.
Jua likanikaa mgongoni kama nilivyoahidi,
mawe yakapata joto,
mdiria akatua kwenye tete la tatu, mahali pake pa siku zote,
na boya langu likasimama wima,
wima kama askari wa gwaride,
likasimama hivyo hadi adhuhuri.

"Labda hawajasoma daftari," akasema shemeji.
Hakukejeli. Alikuwa ananinyooshea perege mkubwa
ndani ya mfuko wa sandarusi.

Niliupokea. Nilikuwa na njaa.
Nyumbani nikamkaanga, nikamla wote, hadi mashavu,
kisha nikafungua ukurasa mpya.
Upepo: hakuna.
Maji: yanaanza kung'aa, kifundo cha mguu kinauma.
Chambo: ajemi, mchuzi.
Nikakaa na kalamu, taa ikivuma,
muda mrefu sana
kabla ya kuandika: alfajiri.